Selimèn, Mfungua Asubuhi wa Tibwa

Selimèn hakuwa na sauti nzuri. Tuliseme hilo mapema, maana wageni wakisikia habari zake hudhani ni malaika aliyeshuka na kinanda chake. Sauti yake ilikwaruza, na akishikwa na mafua ilikuwa balaa tupu. Lakini kwenye mlima wetu wa Tibwa, huku kusini mwa Haiti, asubuhi haikuanza mpaka yeye aseme.

Mambo yetu ni hivi. Nyumba za Tibwa zimetawanyika, hii huku kileleni, ile kule ng'ambo ya korongo, na ukitaka kwenda kumjulia hali jirani utashuka na kupanda mpaka magoti yakulaani. Basi sisi hali hujuliana kwa shukrani. Kabla jua halijachomoza, nyumba ya juu kabisa hupaza sauti: "Nyumba ya Selimèn imeamka. Asante, Bwana!" Ya pili hudaka: "Nyumba ya Ivròz imeamka. Asante, Bwana!" Ndivyo shukrani inavyoteremka mlima, nyumba hadi nyumba, inavuka korongo, mpaka inafika kwa mzee Dosenvil kando ya mto. Nyumba isiyojibu, watu huacha kahawa motoni wakaenda kutazama kuna nini. Na tangu nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, ni marufuku kutia neno lingine katikati. Si salamu, si mzaha, hata mbuzi haitwi.

Kazi hiyo ya kufungua asubuhi Selimèn aliirithi kwa mama mkwe wake, na aliishika kwelikweli. Aliyechelewa kujibu alikiona cha mtema kuni njiani, wakienda sokoni na vikapu vyao kichwani.

"Ivròz, leo ulilala na mfalme?"

"Dada, nilikuwa natafuta kitambaa cha kichwa."

"Mungu anakuona kichwa wazi tangu ulipozaliwa. Kesho jibu!"

Baada ya zamu zote kwisha, alibaki akishukuru peke yake huku akipuliza moto wa kahawa, na alishukuru vitu vidogo vidogo ambavyo mimi na wewe hatuvioni: kibiriti kilichowaka ingawa kililowa, goti la kushoto ambalo halijauma, mbuzi ambaye hajaibwa. Kisha kwa pumzi ileile alimtukana yule mbuzi kwa kutafuna miche.

Mumewe Filistèn alipofariki, alikata roho kabla jogoo hajawika. Mwili ukiwa bado kitandani, Selimèn alitoka uani, akasimama palepale anaposimama siku zote. "Nyumba ya Selimèn imeamka. Asante, Bwana!" Sisi tukajibu mmoja mmoja, hatujui hili wala lile. Tulipopata habari, nywele zilitusimama. Ivròz, ambaye mdomo wake haujui kukaa, akamwuliza alikuwa anashukuru nini siku kama ile.

"Nimekaa naye mpaka ameota mvi," akasema Selimèn. "Kuna mwenzangu hapa aliyepewa zaidi?"

Tangu siku hiyo, waliofiwa mlimani kwetu nao walishukuru kabla ya kulia. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona aibu tu kumwachia Selimèn jambo hilo peke yake.

Mtoto alikuwa na mmoja tu, Mirlande, aliyeolewa ng'ambo ya korongo na seremala aitwaye Exantus. Mkwe huyo alikuwa mchapakazi na hakuwahi kumnyanyasa mkewe, lakini kanisani alikanyaga siku za maziko tu. Zamu ya nyumba yao Mirlande ndiye aliyeijibu siku zote, na jambo hilo lilimuuma Selimèn moyoni.

"Mama," Exantus alikuwa akimtania, "Mungu si kiziwi. Mnampigia kelele bure, na sisi mnatuamsha bure."

"Huyo halali, mkwe wangu. Anayelala ni wewe."

Kisha kikaja kimbunga. Kilivuma mchana kutwa na usiku kucha, kikabandua mabati kama mtu anavyomenya ndizi. Selimèn alijisitiri chini ya kitanda pamoja na mbuzi, wakitetemeka wote wawili. Alfajiri upepo ukakata ghafla. Alipotoka nje, mishelisheli yote ilikuwa imelala chini mizizi juu, na ukungu ulikuwa mzito hata korongo halikuonekana.

Ivròz akaja akitambaa juu ya matawi, gauni limechanika. Baba yake ndiye huyo mzee Dosenvil wa kando ya mto, na mto ulisikika ukinguruma mpaka huku juu.

"Dada, daraja la korongo limekwenda na maji," akasema. Akasita. "Na usiku nilisikia ardhi ikiporomoka kule ng'ambo. Upande wa kina Mirlande."

Selimèn akageuka kurudi ndani.

"Watu wanasubiri, dada. Fungua."

"Sifungui."

"Utaachaje kufungua?"

"Nikifungua nitajua," akasema Selimèn. "Nisipofungua, mwanangu bado mzima. Niache hivihivi, Ivròz. Niache kidogo."

Ivròz akamshika mikono. "Mimi baba yangu yuko huko chini kwenye maji. Fungua, dada yangu. Tujue pamoja."

Nasi tulikuwa tumesimama kila mtu kwenye mabaki yake, tumelowa chepechepe, hatuoni hata mkono wetu, tunasubiri. Sijawahi kusikia mlima umenyamaza namna ile. Hata jogoo hawakuwapo.

"Nyumba ya Selimèn imeamka," ikasikika. Pakapita kimya kirefu. "Asante, Bwana."

Ivròz akadaka palepale, akilia. Kisha zikaanza kutoka ndani ya ukungu, sauti moja baada ya nyingine, na mimi nawaambia nilishika kichwa. Nyumba ya Morizè ilikuwa imebaki sakafu tu, lakini imeamka, asante, Bwana. Nyumba ya Klotid haikuwa na ukuta hata mmoja, lakini imeamka. Watu wasio na kijiko walikuwa wakishukuru gizani, na maneno yalikuwa yaleyale ya kila siku, hakuna aliyeyapunguza. Binadamu ni kiumbe gani huyu! Ilipofika zamu ya mzee Sentelis pakawa kimya. Tulingoja, tukangoja tena. Wa baada yake akapokea, na shukrani ikafika ukingo wa korongo.

Zamu ikawa ya Mirlande. Kimya.

Selimèn alikuwa amemng'ang'ania Ivròz bega, kucha zinaingia nyamani. Ndipo ikaja sauti nzito ya mwanamume asiyejua kuimba wala kuomba.

"Nyumba ya Mirlande imeamka. Asante, Bwana."

Alikuwa Exantus.

Mtu mwingine angefurahi. Selimèn alizidi kuogopa. Exantus hajajibu hata siku moja tangu aoe, kwa nini leo? Na kushukuru kwake kulimwambia nini? Yeye mwenyewe alishukuru maiti ikiwa kitandani, akatufundisha sote kufanya vivyo hivyo. Huenda mkwe wake naye alikuwa amesimama mbele ya maiti. Nyumba iliyofuata ilikwisha kuanza, "Nyumba ya…", na hapo Selimèn, aliyetugombeza miaka yote kwa neno moja la ziada, akapasua ukungu kwa ukelele:

"Mirlandeee! Mirlande, mwanangu!"

Mlima wote ukashtuka. Aliyekuwa akijibu akaacha neno mdomoni.

Kutoka ng'ambo ikaja sauti iliyokauka, inakwaruza kuliko hata ya mama yake, ya mtu aliyeomba msaada usiku kucha.

"Mama, nyamaza! Wenzio hawajamaliza!"

Mtu mmoja akacheka mahali fulani kwenye ukungu. Kisha mwingine, kisha wote, tunacheka na kulia juu ya nyumba zilizobomoka. Selimèn alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amejiziba mdomo kwa viganja viwili, ametii. Zamu zikaendelea kuteremka hadi mtoni, Ivròz akiwa amefumba macho, mpaka kikasikika kikohozi cha kizee.

"Nyumba ya Dosenvil imekwenda na maji. Dosenvil mwenyewe yuko juu ya mti. Asante, Bwana!"

Hakuna aliyemkemea kwa maneno ya ziada. Ivròz alianguka juu ya Selimèn wakakumbatiana matopeni, na sisi tulidhani kazi ya asubuhi imekwisha. Lakini Selimèn akainuka, akajifuta uso kwa pindo la gauni. Mwanawe alikuwa ng'ambo, hajamwona bado, na daraja halikuwapo. Akatazama upande ule kidogo tu, kisha akatutangulia kuteremka kwa mzee Sentelis, maana nyumba yake haikujibu.