Ufagio kabla ya spana

Saa sita mchana, jua la utosi. Dereva wa teksi anafungua boneti. Fundi, mwanamke mrefu mwenye ovaroli iliyopauka, anachomoa njiti ndefu ya ufagio, kavu, na kuipitisha taratibu juu ya injini na kando ya mipira ya mafuta.

"Mama fundi, leo unafagia? Na deki utapiga?"

"Sogea huko, nisije nikaanza na wewe."

Njiti haijaungua. Ndipo anashika spana.

Gari hilo kuukuu linatumia ethanoli, spiriti itokanayo na molasi ya miwa. Petroli ilipopanda, madereva wa mtaa huu waliikimbilia, maana bei yake ni theluthi mbili tu ya ile ya petroli. "Inalika upesi," anasema dereva, "lakini jioni sirudi mikono mitupu."

Ila ethanoli ina visa viwili: hutafuna mipira ya zamani, na ikiwaka juani, moto wake hauonekani.

Gereji hii ilianzishwa na mume wa fundi huyu, ambaye watu walimwita Kioja. Alipomshauri mteja mmoja abadilishe mipira kabla ya kuhamia ethanoli, alijibiwa, "Mpira ni mpira." Baada ya siku chache gari likarudi likinuka spiriti. Kioja akainamia injini.

Alikuwa mcheshi asiyeshikika. Jeki alicheza nayo kama bibi harusi. Basi aliporuka nyuma na kuanza kujipigapiga mapajani, hakuna aliyeshtuka.

"Tulicheka," anasema mkewe. "Mmoja alipiga makofi, 'Ongeza, Kioja!' Mimi nilijishika mbavu. Moto hatukuuona. Tuliona shati linageuka jeusi, lenyewe tu."

Kioja yu hai. Vidole vyake vimeshikana, kijiko hakikai. Lakini linalomla mkewe ni ukimya wake tangu siku ile.

"Namwambia, baba watoto, sema hata neno. Ananitazama. Siku moja akanijibu: 'Mkicheka, naungua upya.'"

Gereji za jirani zimeyakataa magari ya ethanoli. Mkewe anayapokea, kwa sharti moja: mipira mipya kwanza. Asiyetaka, aende salama.

Kwenye kivuli cha ukuta kuna kiti kitupu. Atakayethubutu kukikalia atajua mama fundi ni nani. Anataka mumewe aje afundishe vijana kwa mdomo, maana sikio lake bado linaujua ugonjwa wa injini kabla boneti haijafunguliwa. Miezi yote Kioja amekuwa akigeukia ukuta anapoambiwa habari hiyo. Jana usiku akauliza kama kiti kina mto.

Leo asubuhi mto umeletwa.

"Akija hatajizuia, atatuchekesha tu, ndiyo damu yake," anasema mkewe, akiifuta njiti kwenye ovaroli. "Nami nitacheka. Ila nitapitisha ufagio kwanza."