Sabuni ya Msiba wa Mama Odila

Nakumbuka asubuhi niliyopewa kipande kizima cha sabuni, mwanangu, na mpaka leo mkono huu niliopokelea unaniudhi. Kaa chini. Jana nilikusikia ukimwambia rafiki yako, "Niliona, lakini hayo hayanihusu, mimi nanyamaza." Hasira ilinipanda. Leo utanisikiliza.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vimesimama, mshahara umekuwa hadithi. Hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, tulifua kwa majivu na majani ya papai. Jirani yangu alikuwa Odila, tuliyemwita Mama Odila, mjane, muuza unga sokoni, akiishi na mama yake mzazi, bibi tuliyemwita Nkambo Yumba. Mumewe alimwachia nyumba ya matofali. Kalenga, mdogo wa huyo mume marehemu, aliitaka nyumba hiyo waziwazi. Alikuwa anakuja kumtukana Odila mlangoni, eti atoke, nyumba ni ya ukoo wao. Odila hakutoka.

Asubuhi hiyo Nkambo alikuwa kanisani kwenye maombi. Nilikuwa nawasha makaa, mara Kalenga huyo kwenye kizingiti changu, sabuni mkononi.

"Mama Kabwe, shemeji amekufa. Aliteleza, akapiga kichwa. Shika hii, uoshe nyumba mbele bantu ba kilio bafike."

Desturi yetu unaijua. Jirani wa kwanza hutoa viti nje, hufagia, huosha sakafu, ndipo watu waje kulia. Ni heshima kwa maiti. Basi nikaenda mbio kama mjinga. Odila alikuwa kitandani, amefunikwa kitenge mpaka usoni. Chini kulikuwa na damu, na kwenye damu nyayo za mabuti, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Mtu ateleze peke yake, nyayo za watu wengine zitoke wapi? Niliziona, mwanangu, kwa macho haya. Nikazimwagia maji. Ndoo tatu! Sabuni iliyobaki, karibu nusu, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu kwa ajili ya nguo za mtoto. Baada ya hapo ndipo nikapiga yowe, na mtaa ukajaa.

Mchana Kalenga akafika tena, analia kuwashinda wote, eti habari imemkuta Kamatanda machimboni. Nikamtazama. Nikanyamaza.

Hospitali wakasema Odila alipigwa kichwani kwa nyuma, mara tatu. Kwa vile kila mtu aliujua ugomvi wa nyumba, Kalenga akakamatwa, na Likasi nzima ikawa haina habari nyingine. Siku ya kesi tribinali ilijaa, watu wakasimama mpaka madirishani. Kalenga akaapa mbele ya jaji kwamba alikuwa Kamatanda tangu alfajiri. Wakaniita mimi. Ulikuta nini ndani?

Nikasema, "Sikuona kitu."

Unajua kwa nini? Nusu sabuni! Niliona haya watu wasije wakasema nimeiba sabuni ya msiba. Mwenzangu amepasuliwa kichwa, mimi nalinda sabuni! Jaji akasema kama hakuna shahidi mwingine, kesho mtu huyu ataachiliwa.

Nje, Nkambo Yumba akanikamata kitenge. Mwanamke mfupi, mikono migumu kwa kutwanga.

"Minye nilirudi kanisani, nyumba inanuka sabuni. Mu ile nyumba hapakuwa sabuni! Nani alikutuma? Nani, Mama Kabwe? Weye ulimuosha mutoto wangu kwenye sakafu kama uchafu, na sasa unamufichia muntu aliyemuua!"

Nilitaka ardhi inimeze. Watu wote walikuwa wanatutazama.

Kesho yake nikaomba kusema tena. Nikafungua pindo, nikaitoa mbele ya jaji ile nusu, ambayo sikuthubutu kuifulia. Nikasema alinipa Kalenga, kipande kizima, kabla mtu yeyote hajalia. Nikazitaja na nyayo. Kalenga akacheka. "Sabuni iko kila mahali, bwana jaji!"

Hapo Mzee Ramazani, mwenye duka la pembeni ya soko, akanyoosha mkono kutoka nyuma. "Si kila mahali, mwanangu. Mwezi ule kila mtu alinunua kwangu cha kukatwa, kidogo kidogo. Kizima nilikiuza kimoja tu. Nilikuuzia wewe, jana yake."

Jana yake! Odila alikuwa bado yuko sokoni anapima unga, na sabuni ya kuoshea damu yake imeshanunuliwa. Watu walipiga kelele mpaka askari wakaogopa. Kalenga akainamisha kichwa, akawataja wawili aliokuja nao. Wakafungwa wote watatu. Nkambo hakunishukuru, na alifanya vizuri.

Basi, mwanangu, msibani ukiambiwa osha, uliza kwanza nani amekutuma na amejuaje. Ukishaona, umeona, hayo yanakuhusu. Na kama una aibu yako ndogo, itoe mbele za watu, maana muuaji anaitegemea hiyo. Kesho utakwenda kusema ulichokiona, na mimi nitakusindikiza.

Mungu akupe mdomo usiotetemeka. Akulinde wewe na wote wa nyumba yako, na siku yako ikifika, akujalie jirani mwenye ujasiri zaidi ya niliokuwa nao mimi.