Babu Alivyokwenda Kukagua Nyumba ya Watu

Mjomba wangu aliwapenda sana wazazi wake, na mapenzi yake yalifika kwetu siku ya mwisho. Mwezi mzima Babu na Bibi walipokuwa hapa Ilembo, wametoka Burundi kuja kutuona, yeye alikuwa ametingwa na shughuli, ingawa jogoo wa nyumbani kwake akiwika tunamsikia. Kesho yake wazee walikuwa wanapanda basi la Kigoma kurudi kwao. Basi asubuhi hiyo akatokea na suti, na mpiga picha, na mipango: tule pilau, isomwe hotuba, tupige picha. Hotuba ilikuwa yake.

Babu alikuwa anafunga kamba za viatu. "Nyie someni," akasema. "Mimi naenda Katumba."

Katumba ndiko walikoishi tangu walipokimbia kwao wakiwa vijana. Mama na Mjomba walizaliwa huko. Ulipofika wakati wa wakimbizi kuchagua, watoto wakachukua uraia wa Tanzania, na Babu akachagua kurudi nyumbani, ambako alikuta shamba la baba yake limeshakuwa na wenyewe. Tangu siku hiyo kazi yake ni kuisifia Burundi akiwa Tanzania na kuisifia Tanzania akiwa Burundi.

"Huko anawachosha watu na mahindi ya Katumba," Bibi alituambia, "huku anawachosha nyie na maharage ya huko. Mimi ananichosha pande zote."

Mjomba akajaribu. "Baba, ile nyumba mlishamwachia mtu. Mnaenda kufanya nini?"

"Kuangalia kama anaitunza."

Nikaambiwa niwapeleke na kuwarudisha haraka, kwa kuwa mimi sikuwa na kazi yoyote ya maana. Nilikuwa nimepika tu tangu alfajiri. Mama akabaki kulinda masufuria, tukakodi gari dogo tukaondoka.

Ile nyumba tuliikuta. Mbele yake ilikuwa imejengwa nyingine mpya iliyoezekwa bati, ya familia ya Kisukuma iliyohamia na ng'ombe wake. Mama mwenye mji alitupokea vizuri, akapiga magoti kumsalimia Babu. Babu alikuwa anachungulia mlango wake wa zamani.

"Humu mna ndama," akasema.

"Ndiyo, mzee. Usiku kuna joto zuri."

Nilijua tumekwisha. Babu aliyekasirishwa na godoro letu kwa kuwa laini, leo sebuleni kwake kunalala ndama!

"Nyumba imara sana hii," yule mama akaendelea. "Hii yetu ni ya juzi tu, imeshaanza kumomonyoka."

Uso wa Babu ukahangaika, haujui utukane au ushukuru. "Matofali niliyachoma mwenyewe," akasema mwishowe, na hapo hapo akaenda kuikagua nyumba mpya, akigonga kuta za watu kwa fimbo na kuwapa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Yule mama alimfuata nyuma akiitikia kila neno. Sisi wajukuu mwezi mzima hatukuwa na adabu hiyo.

Bibi aliingia kwa ndama, akapita katikati yao mpaka kwenye kona ya ndani.

"Hapa ndipo nilipomzaa yule wa suti," akaniambia, akisogeza samadi kwa kiatu.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kwa muda, machozi yakimtoka bila sauti. Nikamshikia mkoba.

Tuliletewa ugali na maziwa mgando. Babu, ambaye kwetu tumbo lilikuwa halimruhusu kula chochote, alimaliza na kunyoosha bakuli tena. Simu yangu ikalia. Mjomba alikuwa anafoka: pilau limepoa, mpiga picha anataka kuondoka, nimewapeleka wapi wazee wa watu?

Bibi akaichukua simu. "Mwana wanje," akamwita mwanawe kwa Kirundi, "tupo chumbani kwako. Njoo."

Akaja kweli, peke yake, kwa bodaboda, suti imegeuka rangi ya barabara. Nilitegemea hotuba. Alisimama mlangoni akiangalia ile kona, na ndama mmoja akaanza kutafuna pindo la koti lake. Hakumfukuza.

"Ulikuwa unaogopa giza humu," Babu akamwambia. "Mpaka nikakutobolea dirisha."

Mjomba akauliza kwa sauti ndogo, "Mnaondoka kweli?"

"Tuna maharage shambani," Bibi akajibu, akampangusa vumbi begani kama vile suti nzima ingesafishika kwa mkono.

Jioni tulikula pilau lililopashwa moto. Mama alikuwa amenuna, na alikuwa na haki. Hotuba haikusomwa, na hakuna aliyeiulizia.

Alfajiri stendi, Mjomba alipanda kwenye basi kuwawekea wazee mizigo. Dereva akapiga honi. Mlango ukafungwa, basi likaanza kutembea, na yeye bado yumo ndani.

"Huyu naye!" Mama akapiga kelele. "Amesahau kushuka?"

Hakuwa amesahau. Alitupigia wamefika Uvinza, akasema anawasindikiza mpaka Kigoma, na kwamba Babu amegombana na abiria watatu kuhusu dirisha. Alikuwa anacheka. Mama akakata simu, akaketi juu ya ngazi za duka lililofungwa, akalia mpaka akatosheka.