Hojaji Kumi na Nne za Kikopey

Mimi ni mpishi wa ugali katika bucha moja la nyama choma pale Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, na shahada yangu ya sosholojia niliisomea jikoni. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu amesoma mtandaoni, huwaza sofa, kompyuta na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa na simu iliyopasuka kioo, nimeiegemeza kwenye rafu ya chumvi, na mwiko mkononi. Mhadhiri akieleza nadharia ya migogoro, mimi nasonga. Akiuliza kama kuna mwenye swali, ugali ushaanza kushika chini.

Nilisoma hivyo miaka saba. Mara mbili niliahirisha: kwanza kitinda mimba wangu alipozaliwa, kisha mama yangu alipougua kule Mai Mahiu nikawa wa kwenda na kurudi. Chuo kikanivumilia, lakini kina mipaka yake. Mwaka jana waliniandikia kwamba muda wangu umefika mwisho. Nikishindwa kukamilisha mradi wa utafiti muhula huo, masomo yote niliyofaulu yangefutwa na nianze upya. Nilijua moyoni kwamba sitaanza upya. Mtu hupiga moyo konde mara moja au mbili, si kila siku.

Mradi wenyewe niliuona mwepesi. Nilitaka kuandika juu ya maisha ya wafanyakazi wa mabucha ya barabarani, na hao niliishi nao. Kulikuwa na wachomaji na wahudumu, na wapungaji, wale wanaovaa makoti meupe na kusimama kando ya barabara kuu wakipunga mikono ili magari yaingie kwetu, yasiende kwa jirani. Gari likipunguza mwendo hapo, wapungaji wa mabucha matano hulikimbilia kama limebeba jamaa zao waliopotea.

Nikachapisha hojaji kumi na nne, nikazigawa Jumatatu asubuhi wakati hakuna wateja. Nilikuwa nimejaa fahari, nikawaambia maneno ambayo nimeyajutia sana: "Hii ndiyo ya mwisho. Nikipita hapa, nimemaliza."

Karatasi zilirudi Alhamisi, zote, safi, hata doa la mafuta hakuna. Hilo peke yake lingenishtua. Lakini ilikuwa wiki ya Pasaka, watu wanamiminika kutoka Nairobi, nami sina muda wa kujikuna. Nikazipiga picha, nikamtumia msimamizi wangu, mwalimu ambaye nilikuwa nimemwona kwenye skrini tu, nikarudi kwenye sufuria.

Jibu lake lilikuja Jumatatu iliyofuata. Aliandika kwamba watu kumi na wanne hawawezi kujibu maswali ishirini bila kutofautiana hata mahali pamoja, kwamba kujijazia hojaji ni udanganyifu, na kwamba anataka maelezo yangu kufikia Ijumaa. Nilizitandaza zile karatasi mezani. Je, umewahi kuumia kazini? Sijawahi. Unapata muda wa kupumzika? Wa kutosha. Ungependa nini kibadilike? Hakuna, kila kitu kiko sawa. Mwandiko ulikuwa tofauti, maneno yaleyale, kutoka ya kwanza hadi ya kumi na nne.

Mojawapo ilikuwa ya mchomaji wetu mkuu, mzee ambaye mkono wake wa kulia una kovu toka kifundo hadi kiwiko. Mafuta yalipommwagikia alilazwa Nakuru wiki mbili, na uji aliokunywa ni mimi niliyeupika. Naye alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SIJAWAHI.

Nilimkuta akigeuza mbavu.

"Mzee, huo mkono ulifanywa nini?"

"Si unajua, Mama. Mafuta ilinimwagikia."

"Na hapa umeandika nini?"

Aliichungulia karatasi, akacheka. "Ah, hiyo. Hiyo tulikubaliana."

"Mlikubaliana na nani?"

"Na watu wote. Tulikaa kikao hapa nyuma Jumanne. Mimi ndio nilikuwa chairman." Akaona uso wangu, akaweka koleo chini. "Wewe ulisema ni ya mwisho, ukipita umemaliza. Sasa huyu akiandika hivi na yule aandike vile, si walimu watasema hujui kazi? Tukasema majibu ikuwe moja. Na ikuwe mzuri, usiaibike."

Hasira zilinipanda mpaka nikaona kizunguzungu. Nilipiga kelele, nikawaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wapungaji walikuja mbio wakidhani nimeungua. Mmoja wao, mwanamke wa rika langu, akasema polepole, "Mathe, sisi tulitaka tu upite." Nikaingia chumba cha nyama, nikafunga mlango, nikalia.

Nililia kwa sababu ya shahada, ndiyo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba makosa yalikuwa yangu. Pale kwetu hakuna jambo linaloenda bila kikao. Mtu amefiwa, kikao. Mtu anaoa, kikao. Tukitaka kumwona mwenye bucha, tunakaa kwanza, tunapanga la kusema, tunaingia na kauli moja. Miaka tisa nimekaa vikao hivyo, na vingi mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nimesoma miaka saba jinsi watu wanavyoishi pamoja, kisha nikawagawia hawa karatasi kila mmoja na yake, nikitarajia wakae pembeni wajibu kivyao.

Nilipotoka, mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia. "Tumeelewana," akasema. "Tuandike tena. Safari hii tutatofautiana. Tupange tu nani atasema nini."

Nilicheka na machozi yangu usoni. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani kumkaba koo.

Hojaji nikaziweka kando. Siku tatu mfululizo, saa tisa alasiri, wateja wa chakula cha mchana wakishaondoka, nilichukua beseni la vitunguu nikaketi karibu na kila mmoja akiwa kazini kwake. Niliwaeleza kwamba hakuna alama, hakuna kupita wala kuanguka, na asiyetaka asiseme. Nikamenya, nikauliza, nikaandika. Mwanzoni walinipa yale ya kikao. Baadaye mikono ikiendelea na kazi, midomo ikafunguka. Yule mpungaji aliniambia kwamba madereva wengi hawamtazami, kwa hiyo amejifunza kutabasamu huku akiangalia namba ya gari, isimuume. Mzee alisema moto si shida, hata lile kovu si shida. Shida ni kwamba kila Jumapili anachomea familia za watu, na yake haijakaa naye meza moja siku ya Jumapili tangu kifungua mimba wake aanze shule. Mtoto huyo sasa ana watoto.

Niliandika yote. Niliandika pia kile kikao, nani alisema nini na kwa nini, na kwamba aliyekosea ni mtafiti. Kabla sijatuma niliwaomba ruhusa. Wakaniambia nisubiri kidogo, wakaenda nyuma kukaa kikao.

Ijumaa nilimtumia msimamizi. Alijibu kwa mstari mmoja: nijitetee mbele ya wahadhiri watatu, Jumanne saa tano asubuhi, kwa video. Nilijifungia chumba cha nyama kwa sababu ndiko kulikotulia, mbuzi wamening'inia nyuma yangu. Nilijieleza vizuri kwa muda, kisha mhadhiri mmoja akavua miwani.

"Maelezo yako ni mazuri. Lakini ulituletea watu kumi na wanne wenye jibu moja, na sasa unatuletea kumi na wanne wenye hadithi nzuri. Tutajuaje kwamba watu hawa wapo?"

Nikafungua mlango nikamwita mzee. Alikuja na aproni yake na kisu mkononi, akaona sura tatu kwenye simu, akakificha kisu mgongoni.

"Huyu ni nani?" msimamizi wangu akauliza.

"Ni mwenyekiti wa kikao," nikasema.

Wakamuuliza kama ni kweli kikao hicho kilikuwapo. Mzee aliinama karibu na simu, akaongea kwa sauti ya kanisani.

"Mwalimu, ni kweli tulidanganya. Huyu mama hakujua. Lakini mimi naomba kitu moja. Kama kuna mtu wa kurudia, wacheni turudie sisi."

Niliona msimamizi wangu akiangalia pembeni, kisha akasema nitajulishwa.

Ujumbe wa chuo uliingia Jumapili moja, saa saba mchana, meza zote zimejaa. Nilisoma mara tatu, ugali ukiungua mbele yangu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na nikauacha uungue. Nilitoka hadi kwenye majiko ya nje. Nikamnyooshea mzee simu. Akasema hana miwani, nimsomee. Nikamsomea salamu za mwanzo, kisha machozi yakanizuia kuona maandishi.

Akanitazama usoni akitafuta jibu. Wachomaji wengine nao walikuwa wameacha kukata.

"Mama," akauliza, "tumepita?"

Kwenye cheti litaandikwa jina moja tu, na sina la kufanya juu ya hilo.

"Tumepita," nikamwambia.