Fundi Saa na Toleo Jipya la Majoka

Jumamosi mchana, fundi saa akishafunga duka, meza yake ya kazi hugeuka pango la majoka. Sisi wateja wake wanne tunaizunguka, kila mtu na shujaa wake wa kubuni katika mchezo, na dadu ndizo zinazoamua nani apone. Fundi huziokota kwa koleo lake dogo, moja moja, utadhani ni vipuri vya saa. Toleo la zamani la kanuni za mchezo alilipenda kupita kiasi. Ukitaka kulikata joka upanga, anafunua majedwali matatu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, midomo inanong'ona hesabu, nasi tunapiga miayo mpaka joka linazeeka. Toleo jipya alilinunua kwa kununa. “Hiki kitabu cha chekechea,” alisema, huku akikivalisha jalada taratibu kama anayemvika mtoto sare. Humo unarusha dadu moja ya pande ishirini, unajumlisha na nguvu za shujaa wako, basi.

Wiki iliyopita mkewe, ambaye miaka kumi na miwili huingia na birika la chai na kutoka, alisimama nyuma yangu akaokota dadu. “Na mimi nikilipiga hilo joka?”

“Rusha,” fundi akamwambia.

Ikaja kumi na tisa. Fundi hakufunua hata ukurasa. “Umelipata, mama watoto.”

Mkewe akacheka, halafu akaacha kucheka. “Kumbe ni haya tu? Mbona miaka yote hukuniita?”

Fundi akavua kioo jichoni, akakifuta, ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akasogea, akampisha nusu ya benchi, na chai tukajimiminia wenyewe.