Kichuguu Chenye Mayai ya Kenge

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kunusa udongo wa kichuguu uliomwagiwa maji, nitakusaidia: unanukia uyoga na jivu la juzi. Ndiyo harufu ya nyumba za utoto wangu, upande wa Buseresere, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwa sababu sakafu zetu zilisiribwa kwa udongo huo. Unashikana vizuri, na ukikauka unang'aa. Kwa hiyo kiangazi kile, mavuno yalipokwisha, baba alikuja na sururu kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi, ili mama apate sakafu ya jiko jipya. Akanikuta nimekaa juu yake.

Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Wakati wa mvua, nikichunga ndama, nilimwona kenge jike akitoboa ubavu wa kichuguu kile kilicholainika. Alitaga, akaenda zake. Nikaingiza mkono kwenye tundu: mlikuwa na unyevu, na joto kama la mtoto aliyelala. Siku chache baadaye mchwa walikuwa wameliziba, likabaki kiraka cha rangi tofauti. Hebu elewa ujanja wake: kenge hawezi kuatamia kama kuku, basi huwaachia mchwa kazi hiyo bila kuwaomba. Wakitunza nyumba yao, wanamtunzia na mayai. Nje jua linapasua ardhi. Mle ndani joto ni lilelile mpaka mvua irudi.

"Shuka, Kabula," baba alisema.

"Sishuki. Humu mna mayai ya kenge."

Masanja, jirani aliyekuja kusaidia kuchimba, aliegemea jembe lake akicheka. "Baba Kabula, umepata mkwe! Muulize huyo kenge ataleta ng'ombe wangapi."

"Kenge huyohuyo alikula vifaranga wako," baba akanikumbusha.

"Alikula, baba. Bado sishuki."

Kwetu mtoto hakumjibu baba yake hivyo. Nilikishika kilele kwa mikono miwili. Baba alizunguka, akakipapasa kile kiraka. Hakusema kwamba nimeshinda. Alisema tu, "Masanja, tuanzie upande wa pili." Walichukua nusu, na udongo haukutosha. Nusu ya jiko ikabaki vumbi, nami nikaadhibiwa kuinyunyizia maji kila asubuhi. "Waite kenge wako waje wapike," mama alinisimanga kiangazi kizima. Niliyachota maji hayo bila kujuta.

Mvua za kwanza zilipolowesha kile kiraka, kikabomoka kutoka ndani. Wakachomoza mmoja mmoja, weusi wenye madoa ya njano, wembamba kama vidole vyangu, wakakimbilia bondeni kwenye maji. Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu, mwiko mkononi. Hakunisimanga tena.

Leo natembelea fimbo, na matingatinga ya wachimba dhahabu yanasawazisha vichuguu kumi kabla ya chai ya saa nne. Wajukuu wanasema kile kilichobaki kiwanjani kwangu kinaharibu sura ya nyumba. Nimewajibu kama nilivyomjibu baba. Nawe ukitaka udongo, kizunguke kichuguu kwanza. Ukiona kiraka cha rangi tofauti ubavuni, chimba upande wa pili, ishia nusu, uliobaki usubiri mvua.