Vidonge vya Rangi Mbili

Nilitoka Kibondo asubuhi moja bila mpango, enzi zile za kuhamia vijiji vya ujamaa, nikiwa na shuka, sufuria na karatasi ya vidonge vya rangi mbili. Nilivipata kwenye zahanati kwa ajili ya homa ya matumbo: nimeze wiki mbili, kisha niache. Nilipona. Sikuacha. Shule niliishia darasa la tano, lakini niligundua mwenyewe kwamba dawa inayotibu tumbo inaweza pia kulitisha lisiugue. Basi kila nilipokaribishwa ugali ugenini nilitanguliza kidonge, na vilipopungua nilinunua vingine mnadani.

Fizi zilipoanza kutoka damu nililaumu mti wa mswaki. Pumzi iliponikatikia kwenye mlima ambao vikongwe waliupanda na mizigo ya muhogo, nililaumu mlima. Kisha mikono ikajaa madoa ya zambarau, na hapo nikakosa wa kumlaumu.

Karibu na Kasulu niliripoti kwa balozi wa nyumba kumi, mama aliyekuwa akipepeta maharage, nikaomba pa kulala. Akaitazama mikono yangu.

"Walikupigia wapi, baba?"

"Sijapigwa, mama. Yamejitokeza yenyewe."

"Mbuzi au kuku?"

Jirani yake akacheka. "Mwizi gani huyu? Wenzake huja na mbuzi, yeye kaja na kipigo."

Nikataka kujibu, pua ikamwaga damu kwenye ungo wake, isikome. Vijana wawili wakanipeleka hospitali, mmoja akinishika kama mgonjwa, mwingine kama mtuhumiwa. Balozi alifuata nyuma.

Daktari, mtu wa Tanga, alinifunua kope, akaifungua karatasi yangu ya vidonge.

"Unameza lini?"

"Kila nikila ugenini."

"Na ukila kwako?"

"Sina kwangu."

Akashusha pumzi. "Wengi humeza hivi wakapona, wakaenda zao. Wachache sana, uboho ndani ya mifupa yao huacha kutengeneza damu."

Maisha yangu yote nilijitapa kwamba mimi si kama wengi.

"Itarudi?"

"Huenda, ukiacha leo. Kwanza uongezwe damu ya mtu mwingine."

Wale vijana wakakumbuka shughuli zao. Balozi alipimwa, ikalingana, akakunja mkono wa gauni.

"Chukueni. Ila sasa akiiba, nitakuwa nimeiba mimi."

Nikapewa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Mgonjwa wa jirani aliuliza nitakaa siku ngapi. Nilimwambia hata daktari hajui, akasogeza viatu vyake ili vyangu vipate nafasi.